Risala ya Wapiga Picha na Mafundi wa Kamera wa Dar es Salaam kwa Mtengenezaji wa Kamera Zetu

Ndugu Mgeni Rasmi, mwakilishi wa kampuni katika ukanda wetu. Waheshimiwa mlioketi meza kuu. Wauzaji wa kamera, mafundi, wapiga picha wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kukubali kusomewa risala hii. Ratiba ya leo ni ya uzinduzi wa kamera mpya, na tunajua mlitarajia tuje kuishika, kuijaribu na kuuliza bei. Hayo tutayafanya kwa wakati wake. Kabla ya hapo tunaomba mtusikilize kuhusu kamera zenu za zamani zilizotufia mikononi. Tumezipanga juu ya meza iliyo karibu na mlango, na kila moja ina karatasi inayoeleza ugonjwa wake.

Hatukuja kusema kwamba kamera zenu ni mbaya. Zingekuwa mbaya tungeshaziacha, na risala hii isingekuwapo. Sisi ndio tuliozitangaza mjini hapa kuliko bango lolote, kwa sababu kila kijana aliyetuuliza aanze na kamera ipi tulimtajia yenu. Tumezifanyia kazi kwenye harusi, sendofu, kichenpati, kipaimara na mahafali. Zimestahimili joto la kumbi zisizo na feni, vumbi la barabara za Chanika na upepo wa chumvi wa Kigamboni. Wako miongoni mwetu walioahirisha kununua kiwanja ili wanunue bodi na lenzi. Malalamiko yetu yanaanzia pale kamera inapoharibika, maana tangu siku hiyo mteja hajui tena kampuni yenu aipate wapi.

Tunaomba tueleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake yamo karibu yote yanayotusibu.

Dada mmoja miongoni mwetu anapiga picha za harusi Temeke na Mbagala. Baada ya Idi, msimu ukiwa umepamba moto, kamera yake iligoma. Alipotoa lenzi aliona kwa macho yake kilichotokea: pazia moja la shata lilikuwa limechomoka kwenye pini yake na kulala kimshazari mbele ya sensa, kile kipande kidogo kinachopokea picha. Kamera ilikuwa bado ndani ya waranti. Duka la Kariakoo alikoinunua likamwambia kwamba wao ni wauzaji tu, awasiliane na kituo cha huduma. Kituo hicho hapa Tanzania hakipo. Akaandika baruapepe, na mashine ikamjibu kwa kumpa namba ya faili na kumtaka achague nchi yake kwenye orodha. Tanzania haikuwamo. Akachagua nchi jirani, akaambiwa ofisi ya huko haihudumii wateja wa nje ya mipaka yake. Baada ya danadana ya muda mrefu akaelekezwa aitume kamera kwenye kituo chenu cha Ghuba, nauli juu yake.

Kampuni ya vifurushi ikakataa betri. Hilo tunalielewa: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo katika ndege za abiria, na hata zinapokuwa ndani ya kifaa zina masharti yake. Dada akaitoa betri, akatuma bodi tupu. Kituo kikampa jibu kwamba uchunguzi hauwezi kuanza kwa kuwa kamera imefika bila betri. Ndugu Mgeni Rasmi, betri hiyo mnaitengeneza ninyi. Fundi wa kituo chenu alishindwaje kuipata kwenye kabati lake?

Wiki zikapita, kisha ikaja ripoti ya mstari mmoja: dalili za unyevu zimeonekana, waranti imebatilika, na gharama ya matengenezo ni hii hapa. Iliambatana na picha ya skrubu yenye doa la kijani, pale inapofungwa kamba ya begani. Skrubu hiyo iko nje ya kamera, inaguswa na jasho la mpiga picha kila siku ya kazi. Pazia lililochomoka liko ndani. Hakuna aliyetueleza mpaka leo doa la nje linachomoaje pazia la ndani. Gharama yenyewe ilikaribia bei ya bodi kama hiyo iliyotumika. Alipokataa kulipa, akadaiwa ada ya uchunguzi na nauli ya kurudishiwa mali yake.

Safari ya kurudi nayo ikawa na yake. Utaratibu wa kutoa kifaa nje kwa matengenezo na kukirudisha nchini upo katika forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini unataka karatasi ya kutokea, na karatasi hiyo iwe na namba iliyochongwa chini ya bodi. Hakuna mtu wa kampuni yenu aliyemwambia hivyo kabla hajatuma. Baya zaidi, hati iliyotoka kituoni ilitaja thamani ya kamera mpya, kana kwamba amenunua nyingine. Mbele ya afisa wa forodha, kwenye nchi ambayo Kodi ya Ongezeko la Thamani pekee ni asilimia 18, ikabidi athibitishe kwamba kamera ni yake, ni ileile, na bado imeharibika.

Katika muda wote huo kamati za harusi zilikuwa zimeshampa kianzio. Akakodi kamera kila mwisho wa wiki, na faida yote ikaishia kwa mwenye kamera. Hiyo ndiyo hasara isiyoandikwa kwenye faili lenu lolote. Harusi hairudiwi. Bibi harusi akishatoka ukumbini, mpiga picha aliyekosa kifaa hana la kumwambia mama mzazi wa binti, na jina lake linaharibika kwenye ukoo mzima.

Kuhusu unyevu tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu neno hilo limekuwa mlango wenu wa kutokea. Dar es Salaam iko ufukweni. Hewa ya hapa ina unyevu na chumvi mwaka mzima. Ndiyo maana lenzi zetu huota ukungu, na ndiyo maana wenye uwezo huzihifadhi kwenye makabati yenye taa au vikaushio. Mlipotuletea bidhaa mlikuwa na ramani. Ikiwa hewa tunayovuta inatosha kubatilisha waranti, basi karatasi ya waranti mnayotia kwenye boksi la kamera inayouzwa Tanga, Mombasa, Unguja au hapa haikuwa na thamani hata siku kamera ilipofunguliwa. Na hali matangazo yenu yanaonyesha kamera hizohizo zikiwa zimelowa mvua!

Wengine wetu wana kamera zilizonunuliwa na wafanyabiashara wetu Dubai au Guangzhou. Wenye kamera hizo hawapewi hata namba ya faili. Tunaelewa kwamba mnalinda wauzaji wenu rasmi, na hatuombi waranti ya bure kwa kamera iliyopita njia nyingine. Lakini mtu anapokuja na fedha zake mkononi, tayari kulipia kipuri na kazi, na kamera yake imetoka kiwanda kilekile, kumkatalia ni kumwadhibu kwa kosa ambalo si lake.

Sasa tuje kwenye kiini.

Kamera ya dada yule hatimaye ilifunguliwa na fundi wa Kariakoo, anayefanyia kazi kwenye meza isiyozidi upana wa mlango, katika korido ya jengo la mtaa wa Aggrey. Skrubu za kamera za Kijapani zina kichwa cha msalaba kinachofanana na kile tulichozoea, ila mteremko wake ni tofauti, na bisibisi ya kawaida hupanda juu na kukila kichwa. Fundi huyu amenoa bisibisi zake mwenyewe zikaingia sawasawa. Alitandika kitambaa cheupe, akapanga kila skrubu kwa mpangilio wa ilikotoka kwa sababu urefu wake haulingani, akachomoa tepu za umeme nyembamba kama ganda la kitunguu bila kuchana hata moja. Shata aliitoa kwenye kamera nyingine iliyofia maji. Akaifunga, na kamera ikaanza kupiga.

Hapo ndipo alipokwama. Kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa kuna kipimo kisichoruhusiwa kukosewa. Kwa Nikon, kwa mfano, ni milimita 46.5 kwa lenzi za mfumo wa F zilizoanza mwaka 1959, na milimita 16 kwa mfumo wa Z ulioanza mwaka 2018. Sensa ikiinama kidogo tu upande mmoja, bwana harusi anatoka safi na bibi harusi anatoka na ukungu. Kuipima na kuirekebisha kunahitaji kifaa na programu, na kwa kamera zenu programu hiyo iko kwenye vituo vyenu peke yake. Fundi wetu anarekebisha kwa jicho, kwa kupiga picha ya gazeti lililobandikwa ukutani na kukaza skrubu kidogo kidogo hadi herufi za pembe zote nne zisomeke. Uwezo anao. Alichonyimwa ni vipuri na vipimo.

Tunajua hoja mtakayoitoa, kwa sababu tumeisikia kwa wenzenu. Mwaka 2012 Nikon ilitangaza Marekani kwamba haitawauzia tena vipuri mafundi binafsi, kwa maelezo kwamba kamera za sasa zinahitaji vifaa maalumu. Ni kweli kamera zimekuwa tata. Zamani zilikuwa za springi na gia, na fundi saa mwenye mkono mtulivu aliweza kuzifungua. Studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilijengwa juu ya kamera za namna hiyo. Lakini utata ni sababu ya kumfundisha fundi na kumuuzia kifaa anachokosa. Sheria za nchi nyingine zimekwisha kuelekea huko. California ilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Julai 2024, inayowataka watengenezaji wa bidhaa za kielektroniki za dola 100 na zaidi kutoa vipuri, zana na maelekezo ya ufundi kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kutengenezwa, na kuvitoa kwa wenye mali na mafundi binafsi pia. Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yake kuhusu haki ya matengenezo mwaka 2024. Mnunuzi wa Los Angeles na wa Mbagala wanalipa fedha kwa kampuni moja. Hatuoni kwa nini wa kwanza aheshimiwe na wa pili azungushwe.

Kwa hiyo tunadai vipuri viuzwe hapa Dar es Salaam, kwa bei iliyotangazwa, kwa fundi yeyote anayelipa, na viendelee kupatikana kwa muda usiopungua miaka 7 baada ya modeli kusitishwa. Tunaanza na vinavyokufa zaidi: shata, skrini, milango ya betri na ya kadi, raba za mshikio, tepu za umeme na ringi za lenzi. Pamoja na vipuri tunadai vitabu vya ufundi na ile programu ya vipimo. Mkihofia itatumika vibaya, wapeni leseni mafundi mliowapima, lakini wapimeni. Mafunzo yanaweza kufanyika VETA, ambako walimu na karakana zipo, na mafundi wa kuanzia wamo humu ukumbini. Tunaomba wasimame uwaone.

Kwa kamera zilizo ndani ya waranti, tunadai pawe na mahali pa kuzipokelea mjini hapa, nauli na karatasi za forodha ziwe jukumu la kampuni, na mpiga picha wa kazi apewe kamera ya kushikiza hadi yake irudi. Ripoti ya uchunguzi iandikwe na mtu anayeweza kuulizwa, ioneshe sehemu iliyoharibika, na mteja awe na haki ya kuipinga mbele ya fundi wa tatu. Doa la kutu nje ya bodi lisitumike tena kukwepa hitilafu ya ndani. Na Tanzania iingizwe kwenye orodha ya nchi. Hilo halihitaji kikao cha bodi ya wakurugenzi.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya msimu wa harusi wa Desemba. Lisipofika tutayapeleka malalamiko haya, pamoja na ripoti za kituo chenu na stakabadhi zetu, kwenye Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Pia tutaacha kuwashauri vijana wanunue kamera zenu, na tutawaeleza sababu. Nakala ya risala hii wamepewa wauzaji wote waliopo hapa, na ya kwako ina orodha ya kamera zilizo mezani, namba zake na jina la hitilafu ya kila moja.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wapiga picha na mafundi wa kamera, Dar es Salaam.