Tujiunge na Bima Tungali Wazima

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba kukata bima ya afya ni kujitabiria maradhi. Wengine hulalama: "Nimelipa mwaka mzima, sikuumwa hata kichwa, fedha yangu imeliwa bure." Wasemao hivyo si wa kubezwa, kwani wanauliza jambo la haki: bima inamfaa nini mtu?

Wataalamu wa uchumi nao wameliuliza swali hilo kwa miaka mingi. Ugumu wake ni kwamba mwenye bima mara nyingi ndiye mwenye kazi na kipato, na mgonjwa ndiye mwenye haraka ya kujiunga. Ukiwalinganisha hivi hivi tu na wasio na bima, utajuaje kilicholeta tofauti?

Mwaka 2008 fursa ilipatikana huko Oregon, Marekani. Jimbo hilo lilikuwa na nafasi chache za bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, na waombaji walikuwa wapatao 90,000. Ikapigwa bahati nasibu. Amy Finkelstein, Katherine Baicker na wenzao wakawafuatilia waliobahatika na waliokosa. Baada ya miaka kama miwili, waliopata bima walikuwa wakienda zaidi kwa daktari, wengi zaidi waligunduliwa kuwa na kisukari na kuanza dawa, sonona ilipungua kwa karibu theluthi, na zile gharama za matibabu zinazomfilisi mtu zilikaribia kutoweka. Lakini vipimo vya presha, lehemu na sukari havikuonyesha nafuu ya kutajika.

Wapo waliolishika hilo la mwisho na kusema bima haitibu. Wasiharakishe. Miaka michache baadaye mamlaka ya kodi ya nchi hiyo hiyo iliandikia barua kaya milioni 3.9 zilizotozwa faini kwa kukosa bima, ikizieleza namna ya kujiunga. Kaya nyingine kama 600,000, zilizochaguliwa bila upendeleo, hazikuandikiwa kwa uhaba wa fedha. Walipohesabu vifo vya miaka miwili iliyofuata, watafiti walikuta kwamba kwa kila watu 1,648 wa umri wa miaka 45 hadi 64 walioandikiwa, kifo kimoja kiliepukwa. Faida hiyo haionekani mpaka uwatazame watu wengi, lakini ni uhai wa watu.

Basi somo ni hili: bima humkinga mtu kwanza na madeni na fadhaa, kisha, polepole, humkinga na kifo. Nasi tunalijua deni la hospitali: shamba huuzwa, mtoto akaacha shule.

Hapa kwetu Tanzania mfuko wa afya ya jamii ulijaribiwa Igunga tangu mwaka 1996, na leo tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tatizo la mifuko ya hiari linajulikana: mzima hungoja, mgonjwa hukimbilia. Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu, maana kinachotoka hushinda kinachoingia. Mbona kwenye chama cha kuzikana hakuna anayedai arudishiwe mchango kwa kuwa mwaka umepita bila msiba nyumbani kwake? Hushukuru Mungu, akachanga tena.

Lakini haki ina pande mbili. Mwananchi aliyelipa, akafika zahanati na kuambiwa dawa hakuna, akanunue duka la nje, amelipa mara mbili. Huyo hatashawishiwa tena kwa hotuba. Kadi haishushi presha. Inayoishusha ni dawa iliyopo na mhudumu anayemfuatilia mgonjwa. Kwa hiyo wenye dhamana wajaze rafu za dawa, walipe madai ya vituo kwa wakati, na wamlipie asiye na uwezo kweli.

Nasi wananchi tusingoje homa itupeleke dirishani. Mwenye uwezo na ajiunge mwaka huu pamoja na watu wa nyumba yake, aende kupima presha na sukari angali mzima, na akikosa dawa anayostahili asinung'unike kijiweni: alifikishe jambo hilo kwenye kamati ya kituo na kwenye mkutano wa kijiji, alidai kama mtu aliyelipa.