Kubandika na Kubandua: Istilahi za Utafiti wa Histoni

Katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, isimu na biolojia zina makao kwenye vilima vilevile, lakini sayansi hufundishwa kwa Kiingereza na Kiswahili hutazamiwa kutafsiri baadaye. Utaratibu huo una kasoro. Istilahi hapana budi ianzie kwenye tendo lenyewe, wala si kwenye sitiari ya lugha iliyotangulia kulitaja.

Histoni zinatoa mfano mzuri. Hizi ni protini ambazo DNA huzizunguka ndani ya kiini cha seli: kila fungu la histoni nane huzungukwa na takriban jozi 147 za besi. Kwenye mikia ya protini hizo huongezwa vikundi vidogo vya kikemia, kama asetili na methili. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake walihusisha nyongeza hizo na utendaji wa jeni. Mwaka 1996 maabara ya David Allis ilibainisha kimeng'enya kinachoongeza asetili. Mwaka huohuo maabara ya Stuart Schreiber ikabainisha kinachoiondoa.

Kiingereza huviita vimeng'enya hivyo waandishi na wafutaji. Kiswahili hakina haja ya kuazima karani huyo. Kauli ya kutendua inatosha: kubandika na kubandua, kibandikaji na kibanduaji. Mzizi mmoja unabeba matendo yote mawili, na uhusiano wake unaonekana katika umbo la neno.

'Marekebisho ya histoni' nayo hayafai, kwani hudokeza kosa lililosahihishwa. 'Chapa' ingewapendeza wafugaji wa nyanda za kati, lakini chapa ya ng'ombe haibanduki. Ama nadharia iliyotolewa na Strahl na Allis mwaka 2000, kuitohoa kuwa 'kodi ya histoni' ni kumwita mtoza ushuru. 'Msimbo' ni afadhali.

Hata 'kusoma' alama kunahitaji hadhari. Mtafiti hufungamanisha protini na DNA kwa formalini, huzikata kwa mawimbi ya sauti, kisha hutumia kingamwili kunasa vipande vyenye alama anayoitafuta. Joto huachanisha DNA, nayo hupangiliwa. Kingamwili huweza kunasa alama isiyokusudiwa, na matokeo kwa kawaida ni wastani wa seli nyingi mno. Huko ni kunasa, si kusoma.

Suala hili si la wanakamusi peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Waholanzi waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944–45 ulikuta upungufu wa methili kwenye jeni ya IGF2, miongo sita baadaye. Methili hiyo hukaa kwenye DNA yenyewe, si kwenye histoni, lakini kitenzi ni kilekile. Ugogo nako kuna kumbukumbu ya Mtunya, njaa kuu ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Siku mtafiti atakapoomba damu Mvumi au Bahi, ridhaa itategemea maneno yake. Mzee akiambiwa kuwa njaa 'iliandika' katika jeni za ukoo wake, atasikia hukumu. Akiambiwa kuna kilichobandikwa au kubanduliwa, atauliza kama kinaweza kurudishwa. Swali hilo lina jibu maabarani, ingawa si kwa kila alama.