Mlango wa Msimamizi Usiachwe Wazi

Ipo dhana iliyoenea miongoni mwa wanafunzi, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu, kwamba mtu aingiaye katika kompyuta za wengine bila idhini sharti awe bingwa wa hisabati mwenye mitambo ya ajabu. Dhana hiyo huwapumbaza watu. Mara nyingi mwizi wa aina hii havunji chochote. Husukuma mlango uliosahauliwa, nao ukafunguka. Mlango huo ni ukurasa wa msimamizi.

Seva ya programu za mtandao ni chombo kinachowahudumia watu wengi kwa wakati mmoja: huyu anatazama matokeo ya mtihani, yule analipa ada, mwingine anaazima kitabu cha maktaba. Kurasa zake ni za namna mbili. Zipo za wananchi wote, na zipo chache za msimamizi, ambamo huduma huanzishwa, husimamishwa au hubadilishwa.

Chukuliwe mfano wa Tomcat, seva iliyoanzia katika kampuni ya Sun Microsystems na kukabidhiwa kwa Apache Software Foundation mwaka 1999. Ukurasa wake wa msimamizi humruhusu aliyeingia kupakia programu mpya na kuiendesha papo hapo. Kwa hiyo aliyeupata ukurasa huo hahitaji kutafuta ufa mwingine: huleta programu yake mwenyewe, nayo seva huitii kwa mamlaka yote iliyopewa ndani ya kompyuta ile.

Historia inatoa mafunzo mawili. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba kisakinishi cha Tomcat kwa ajili ya Windows kilikuwa kikimwandikisha msimamizi asiye na neno lolote la siri, endapo aliyekisakinisha hakuliandika. Mfungaji aliyeharakisha kazi yake aliacha nyumba bila kitasa, wala hakuonywa.

Funzo la pili latoka kwa seva ya JBoss, mwaka 2010. Kanuni za kuulinda ukurasa wake wa usimamizi zilizitaja njia mbili tu za kuwasilisha ombi, yaani GET na POST. Ombi lililoletwa kwa njia ya tatu, HEAD, halikudaiwa neno la siri, na bado jambo lililoombwa lilitendeka. Ni kama bawabu aliyeagizwa kuwahoji waendao kwa miguu na wapandao baiskeli, kisha akampisha aliyekuja juu ya punda. Marekebisho yalitolewa mwaka huohuo. Hata hivyo, mwaka 2011 programu haribifu inayojisambaza yenyewe ilizikuta seva ambazo wenyewe hawakuwa wamezirekebisha. Kutokana na kisa hicho yafaa ishikwe kanuni moja: ulinzi mzuri hukataza yote kwanza, kisha huruhusu yale machache yanayojulikana.

Wapo wasemao, “Seva yetu ni ndogo, nani ataitafuta?” Hoja hiyo haina nguvu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kompyuta moja yenye mtandao wa kasi yaweza kubisha hodi katika anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4, zipatazo bilioni 4, kwa muda usiofika dakika 45. Mashine ibishayo hodi namna hiyo haijui shule wala benki. Haitafuti mtu fulani. Hutafuta mlango wazi.

Kinga zenyewe si za gharama. Kwanza, ukurasa usiohitajiwa uondolewe kabisa. Pili, unaohitajiwa ufunguliwe kwa anwani maalumu tu, kwa mfano 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yenyewe. Tatu, mawasiliano yasimbwe, kwa sababu katika njia rahisi ya HTTP neno la siri hugeuzwa umbo tu, na yeyote anayelinasa njiani aweza kulisoma. Nne, seva isiendeshwe kwa mamlaka ya mkuu wa kompyuta nzima.

Tano, makisio yawekewe mpaka. Tomcat yaweza kumfungia mtumiaji kwa dakika 5 baada ya kukosea mara 5. Mwanafunzi na apige hesabu: mkisiaji atapata nafasi zisizozidi 1,440 kwa siku. Maneno ya herufi 8 ndogo za alfabeti ya herufi 26 ni zaidi ya bilioni 208. Kuyajaribu yote kungechukua takribani miaka 397,000. Lakini kama neno lenyewe ni “admin”, jaribio moja latosha. Tena mpaka huo una upande wa pili: adui aweza kukosea makusudi ili msimamizi halisi afungiwe nje. Ndiyo maana kizuizi cha anwani hutangulia.

Usalama wa umma haufai kutegemea kumbukumbu ya fundi aliyechoka. Atengenezaye programu ana wajibu wa kuitoa ikiwa imefungwa, ili afunguaye ajue anachokifungua. Na somo la kompyuta likiishia katika kuchapa barua na kuchora majedwali, litazaa watumiaji wasiojua kitasa kiko wapi. Mwalimu aweza kuweka seva katika kompyuta moja ya darasani isiyounganishwa na intaneti, wanafunzi wakaufunga ukurasa wa msimamizi hatua kwa hatua, kisha wakaujaribu wenyewe. Wasijaribu kwa seva ya mtu mwingine: nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu tendo la kuingia bila idhini kuwa kosa la jinai.

Wanafunzi wa leo ndio watakaotunza kumbukumbu za hospitali, mahakama na shule za taifa. Yafaa wafundishwe kufunga mlango kabla hawajakabidhiwa nyumba.