Unesi ukubwani: Piga hesabu kabla ya kuuza genge

Miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa Tandika, Mbagala na Temeke Stereo wapo waliomaliza kidato cha nne na alama nzuri za sayansi, ada ikakosekana, wakaishia kwenye genge au bustani ya mchicha. Sasa wana miaka 30 na ushee na wanauliza kama bado wanaweza kusomea uuguzi. Wanaweza. Ninachokipinga ni namna wengi wanavyotafuta ada, yaani kuuza genge, au kile kiwanja cha Mkuranga.

Stashahada ya Uuguzi na Ukunga ni kozi ya miaka mitatu. Sifa ya kujiunga ni ufaulu wa angalau D nne za kidato cha nne katika masomo yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Aliyeanguka Fizikia anaweza kurudia mtihani wa NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila aongeze mwaka mzima kwenye hesabu yake.

Hesabu yenyewe watu huikosea kwa sababu huiangalia ada peke yake. Chukua mfano wa mama mwenye genge linalomwachia faida ya Sh15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni Sh390,000 kwa mwezi, na kwa miezi 36 ya masomo ni Sh14,040,000. Akifunga genge, fedha hizo ni gharama ya kozi sawasawa na ada, hata kama hazimo kwenye fomu ya chuo. Wala asijidanganye kwamba atauza asubuhi na kusoma jioni. Masomo ni ya kutwa, na mafunzo ya vitendo hospitalini yana zamu zake, za usiku zikiwamo.

Kisha kuna umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida humtaka mwombaji asiyezidi miaka 45. Anayeanza chuo na miaka 35 humaliza na 38, akabaki na miaka saba ya kutafuta nafasi serikalini. Anayeanza na 42 humaliza mlango ukiwa unafungwa. Huyo nitamwambia wazi kwamba asiuze kitu, labda awe na mwajiri binafsi anayemsubiri. Pensheni nayo ina sharti lake: mfuko wa PSSSF hutaka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60.

Wapo watakaosema hospitali zetu zina upungufu wa wauguzi, hivyo kazi ipo tu. Upungufu wa wauguzi na nafasi ya ajira ni vitu viwili. Juni 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na wahitimu wakakaa nyumbani huku wodi zikiwa na uhaba uleule. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 7,612 za kada za afya, na mwaka 2023 nafasi 8,070. Hizo ni za kada zote, si za wauguzi pekee. Kwa hiyo mtu aweke akiba ya kula kwa mwaka mmoja au miwili baada ya kuhitimu. Ndiyo maana nasema genge lisiuzwe: litamlisha wakati huo.

Ajihadhari pia na kozi za miezi michache zinazoahidi "unesi". Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, hakuna anayefanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kabla ya kulipa hata shilingi, angalia kama chuo kimo katika mwongozo wa udahili wa NACTVET, ambao pia huonyesha ada. Tangu mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo hukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, fani za afya zikiwamo, lakini msomaji wangu wa miaka 35 asome kwanza masharti ya umri na ya mwaka wa kuhitimu.

Genge apewe mdogo wake au jirani mwaminifu kwa makubaliano ya maandishi: mtaji uliopo siku ya kwanza uandikwe, faida igawanywe nusu kwa nusu, bidhaa zihesabiwe kila mwisho wa mwezi mbele ya wote wawili. Katika mfano wetu, nusu hiyo ni Sh195,000 kwa mwezi. Haitoshi ada na chakula, lakini mwanafunzi atakopa pungufu, na siku akimaliza chuo atakuta meza yake bado ipo.