Gari la msaada si la bure: Hesabu za haibridi Mafinga

KWA muda mrefu taasisi za hisani wilayani Mufindi zimekuwa zikipokea misaada ya kila namna kutoka kwa marafiki wa nje: mashuka, vitabu, vitanda vya hospitali na, mara mojamoja, magari. Sababu zinajulikana. Utafiti wa kitaifa wa Ukimwi na malaria wa mwaka 2011-12 uliikuta Iringa na maambukizi ya asilimia 9.1 na jirani yake Njombe asilimia 14.8, na yatima walikuwa wengi kuliko uwezo wa ukoo. Undugu wa makanisa nao ni wa siku nyingi. Ule wa Walutheri wa Iringa na wenzao wa Saint Paul nchini Marekani, uitwao Bega kwa Bega, ulianza 1987.

Kinachobadilika sasa ni aina ya gari lenyewe. Mtu wa Japan au Uingereza anayetaka kuachana na gari lake la miaka kumi leo anaweza kuwa na Toyota Prius ya kuchomeka, iliyoingia sokoni Japan mwaka 2012, au Mitsubishi Outlander ya 2013. Ni magari ya haibridi yenye injini ya petroli na betri kubwa inayochajiwa kwenye soketi ya ukutani. Kamati ya kituo cha yatima au zahanati ya Mafinga ikiandikiwa barua kwamba gari kama hilo lipo tayari kupakiwa melini, shangwe huwa kubwa. Hesabu huja baadaye.

Forodha haitambui neno bure. Gari lililotolewa zawadi hukadiriwa thamani kama lililonunuliwa, pamoja na nauli ya meli na bima, kisha kodi inapigwa juu yake: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na kwa magari ya abiria yaliyozidi miaka minane, ushuru wa ziada wa bidhaa kwa sababu ya uchakavu. Kwa umri wa miaka minane hadi kumi ushuru huo umekuwa asilimia 15, na zaidi ya hapo asilimia 30. Magari ya msaada mengi ni ya umri huo huo. Kikokotoo cha TRA kipo kwenye tovuti yake na mwenye simu anaweza kukitumia kabla ya kuandika barua ya shukrani.

Msamaha wa kodi upo kwa baadhi ya taasisi, lakini umekuwa ukibanwa. Mwaka 2009 Serikali ilipotaka kuiondoa misamaha ya taasisi za dini, viongozi wao walipiga kelele hadi ikarudi nyuma. Sheria mpya ya VAT iliyoanza Julai 2015 nayo ilipunguza misamaha mingi. Anayesubiri meli ifike ndipo aombe, atalipia siku za kuhifadhi gari bandarini wakati barua yake inazunguka ofisini.

Hapa mfanyabiashara wa mbao au mahindi naye aangalie. Gari lililoingia kwa msamaha likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Ukiuziwa rahisi na taasisi, ulizia kadi na karatasi za forodha kwanza.

Kwa matumizi, haibridi haina ubaya wote unaosemwa. Betri ya Outlander ya mwaka ule ni ya uniti 12. Ukihesabu na upotevu, kuijaza ni kama uniti 14, yaani takriban Sh5,000 kwa mteja wa kawaida wa Tanesco. Kwa vilima vya Mufindi itatembea labda kilomita 40. Petroli ya umbali huo, kwa lita nne za Sh3,000, ni Sh12,000. Anayekwenda Iringa mjini, kilomita 80 hivi, nusu ya safari anatumia petroli kama wengine. Na nyumba iliyo kwenye daraja la nafuu la uniti 75 kwa mwezi itaondolewa humo kabla ya kuchaji mara ya sita.

Tatizo ni betri. Ikifa kabisa, magari haya hayawaki hata tangi likiwa limejaa, kwa kuwa injini huwashwa na mota inayotegemea betri hiyo hiyo. Gari likiegeshwa miezi kadhaa bandarini na kisha kwenye ua wa kituo likisubiri namba, betri huzidi kuchoka. Gereji za Mafinga zinazijua Fuso na Land Cruiser hadi usingizini, lakini nyaya za rangi ya chungwa za haibridi zina umeme unaoua, na fundi asiyefunzwa haruhusiwi kuzigusa.

Wamarekani wenyewe walishajifunza jambo kuhusu zawadi za magari. Uchunguzi wa wakaguzi wa Bunge lao mwaka 2003 ulifuatilia magari 54 na kukuta kwamba katika theluthi mbili yake, taasisi ya hisani ilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani aliyoitaja mtoaji kwenye kodi yake. Tangu 2005, gari linapouzwa, punguzo la kodi kwa kawaida hufuata bei halisi ya mauzo. Huko mara nyingi gari huuzwa mnadani na taasisi ikapewa fedha. Njia hiyo ndiyo inayoifaa Mafinga pia, hasa kwa gari la Marekani ambalo usukani wake uko kushoto.

Kamati inaweza kumjibu mtoaji kwa heshima kwamba gari liuzwe huko na fedha ziletwe. Mtoaji wa Marekani akitaka punguzo lake la kodi, apitishie kwenye taasisi iliyosajiliwa kwao, kwa kuwa mchango unaotumwa moja kwa moja parokiani Mafinga hauhesabiwi. Fedha hizo zinunue pikipiki za wahudumu wa vijijini au pikapu ambayo spea zake zipo Mafinga.