Si Kila Upele ni Aleji ya Dawa

"Katoka vipele baada ya kunywa dawa, basi dawa imemkataa." Hoja hii ndiyo inayozaa nyingine zote, na kalenda peke yake inatosha kuitikisa. Iko homa inayowapata sana watoto wa chini ya miaka miwili, ya kirusi cha jamii ya herpesi: joto hupanda siku tatu hadi tano, kisha hushuka ghafla, na hapo ndipo vipele vidogo hutapakaa kifuani na mgongoni. Mama gani atangoja siku zote hizo? Siku ya pili keshanunua amoksilini ya maji, siku ya nne mtoto ana vipele, na kadi ya kliniki inaandikwa: aleji ya penisilini, jamii ya dawa hiyo. Kirusi kimejiondokea bila kutajwa. (Amoksilini yenyewe haikuwa na kazi pale, maana haiui virusi, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.)

Huko Montreal, Kanada, madaktari waliwapa tena amoksilini, chini ya uangalizi, watoto 818 waliodhaniwa kuwa na mzio nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: asilimia 94 hawakupata lolote.

"Daktari akiutazama tu, atajua." Akiutazama bila kuuliza, hajui. Swali la kwanza ni dozi ilimezwa saa ngapi na upele ukaanza saa ngapi. Aleji ya papo hapo kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa moja: mabaka yaliyovimba na kuwasha, pengine midomo kuvimba, kifua kubana, mtoto kutapika. Lizungushie baka moja kwa kalamu. Kama ni la aina hiyo, ndani ya saa 24 huwa limefifia au limehama, limebaki duara tupu. Vipele vinavyoanza siku ya tano na kukaa palepale ni jambo jingine: huenda ni kirusi, huenda ni mzio wa polepole, ambao mara nyingi ni mwepesi. Vitabu navyo vinatuhimiza kutafuta wekundu, kana kwamba watoto wote ni weupe. Kwenye ngozi nyeusi pitisha kiganja usikie uvimbe, na mulika taa kutoka ubavuni.

"Apimwe damu, jibu litoke." Kipimo cha damu cha penisilini huwakosa wengi wenye mzio kweli, na kwa upele wa polepole hakisemi kitu. Jibu la uhakika hupatikana kwa kumpa mtoto dawa ileile mbele ya wahudumu wenye adrenalini mkononi. Si nyumbani, wala si dukani.

"Hata baba yake dawa hii inamkataa." Mzio wa baba si sababu ya kumnyima mwana.

"Kama hatuna uhakika, tuandike tu aleji, usalama kwanza." Huu ndio usalama ninaouogopa. Mtoto mwenye selimundu anahitaji penisilini kila siku, asubuhi na jioni, walau hadi atimize miaka mitano, ili vijidudu vya nimonia visimmalize. Mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi anahitaji sindano ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka unamvua kinga hiyo, naye anahamishiwa dawa ambayo mara nyingi ni ghali zaidi na inaua vijidudu vingi kuliko inavyohitajika. Hata mzio wa kweli wa penisilini huenda ukamtoka mtu: watu wanane katika kumi huwa hawanao tena baada ya miaka kumi. Nani hurudi kuifuta kadi?

"Kwa hiyo vipele vya dawa vipuuzwe." La hasha. Upo upele ambao ngozi huuma badala ya kuwasha, malengelenge hutokea, midomo na kinywa huota vidonda, macho huwa mekundu. Mara nyingi huanza kati ya siku ya nne na wiki ya nne tangu dawa ianze. Dawa zinazojulikana kwa kuuleta ni septrini, nevirapini, na dawa za kifafa kama fenobabitoni na kabamazepini. Hapo dawa inasimamishwa siku hiyohiyo na mtoto anakimbizwa hospitali, na chupa au pakiti yake ichukuliwe. Mtoto huyu hajaribiwi tena dawa ile, hata chini ya uangalizi. Kadi yake iandikwe jina la dawa, tarehe, na vidonda vilitokea wapi.