Nani Alikabidhiwa Padi? Malezi na Ubaguzi wa Kijinsia katika Michezo ya Video

Ubaguzi wa kijinsia katika michezo ya video huonekana kwanza kwenye picha: binti mfalme anayengoja kuokolewa, au mwanamke mpiganaji aliyevikwa vazi lisilofaa hata kuogelea, sembuse kupigana vita. Picha hizo ni ganda la nje. Ndani yake kuna wachezaji wanaowatukana wanawake wanapokutana nao mtandaoni, na ndani zaidi kuna kampuni zinazotengeneza magemu, ambako wanawake wamekuwa wachache na wengi wamelalamikia unyanyasaji. Yote haya yanarudi kwenye jambo linalotangulia gemu lenyewe: nani, tangu akiwa mdogo, aliambiwa kwamba mchezo huu ni wake.

Gemu halikuzaliwa likiwa la wanaume. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, Japani, alibuni Pac-Man akiwa na nia ya wazi ya kuwavuta wanawake na wapenzi waliotoka pamoja jioni, kwa kuwa kumbi za gemu za wakati ule zilijaa wanaume na michezo ya kulipua viumbe wa angani. Badala ya risasi akachagua kula. Nchini Marekani, Dona Bailey alishirikiana na Ed Logg kutengeneza Centipede ya Atari, Carol Shaw akatunga River Raid mwaka 1982, na Roberta Williams akatoa King's Quest mwaka 1984. Hawakuwa wengi, lakini walikuwepo, na kazi zao zilipendwa na wachezaji wa jinsia zote.

Mambo yaligeuka dukani. Mwaka 1983 soko la gemu la Marekani liliporomoka, na wenye maduka waliobaki na shehena za kaseti zisizonunulika hawakutaka tena kusikia habari za michezo ya video. Nintendo ilipopeleka mashine yake New York mwaka 1985, ilitafuta mlango wa pembeni: iliiuza kama kitu cha kuchezea watoto, ikiwa imeambatana na roboti ya plastiki iliyoitwa R.O.B. Mbinu ilifaulu. Ila duka la vitu vya kuchezea lina upande wa wavulana na upande wa wasichana, na katikati hapana kitu. Mashine ikapangwa kwa wavulana, matangazo yakawafuata wavulana, na mwaka 1989 kifaa cha mkononi cha kampuni hiyo kikaja na jina la Game Boy. Watoto waliokulia katika miaka hiyo waliikuta hali hiyo wakadhani ndiyo maumbile. Wengi wao leo ni wazazi, na wanairithisha bila kujua kwamba chanzo chake kilikuwa mpangilio wa rafu.

Hadithi za ndani ya magemu zikafuata mkondo huohuo. Katika Donkey Kong ya mwaka 1981, sokwe anamnyakua mwanamke na fundi anapanda ngazi kumfuata. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, binti mfalme yumo katika ngome ya mwisho. Mwanamke ni tuzo, kama sarafu zinazookotwa njiani. Metroid ya mwaka 1986 ilimficha shujaa wake ndani ya deraya mpaka mwisho, ndipo mchezaji akagundua kwamba Samus Aran ni mwanamke. Lakini aliyemaliza haraka alizawadiwa kumwona akiwa na nguo chache. Miaka 10 baadaye Tomb Raider ilimleta Lara Croft, msomi jasiri anayetegua mafumbo ya makaburi ya kale. Ndani ya mchezo alikuwa akili na misuli. Kwenye matangazo alikuwa kifua na kiuno. Toby Gard, mbunifu wake, aliihama kampuni iliyotengeneza mchezo huo mwaka 1997, na namna mhusika wake alivyokuwa akitangazwa ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomkera.

Mwaka 2012 mchambuzi Anita Sarkeesian aliomba umma umchangie dola 6,000 atengeneze mfululizo wa video kuhusu taswira kama hizi. Alipata zaidi ya dola 150,000, na pamoja nazo mvua ya matusi na vitisho. Oktoba 2014 alifuta mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya mtu kutishia kufanya mauaji ya halaiki, kwa kuwa sheria ya jimbo haikuruhusu wasikilizaji wenye vibali kuzuiwa kuingia na bunduki. Kosa lake lilikuwa kuhakiki, kazi ambayo wahakiki wa riwaya na filamu huifanya kila siku. Mtu hajibu uhakiki kwa kitisho cha kuua isipokuwa anaamini kwamba ameingiliwa nyumbani kwake, na imani hiyo ya kumiliki uwanja ndiyo inayohitaji kuchunguzwa.

Watafiti wameikuta imani hiyo ikifanya kazi. Mwaka 2013 Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walichapisha jaribio walilofanya ndani ya Halo 3, gemu la kufyatuliana risasi ambamo wachezaji wasiojuana huzungumza kwa maiki. Maneno yaleyale ya kawaida yalirekodiwa kwa sauti ya kiume na kwa sauti ya kike. Sauti ya kike ilijibiwa kwa maneno mabaya mara tatu zaidi. Miaka miwili baadaye Kuznekoff na Michael Kasumovic wakaonyesha jambo la kutazamwa kwa makini: waliomshambulia mwanamke zaidi walikuwa wanaume waliocheza vibaya, ilhali wachezaji hodari walimpokea vizuri zaidi. Anayechukia sana ni yule anayeona nafasi yake inapokonywa na mtu ambaye tangu utotoni aliambiwa hawezi kumshinda.

Kisa cha Korea Kusini kinaonyesha gharama ya imani hiyo. Juni 2016 Kim Se-yeon, msichana wa miaka 17 anayejulikana kama Geguri, alicheza gemu la Overwatch kwa shabaha iliyowafanya wapinzani wamtuhumu kwamba anatumia programu ya udanganyifu. Wachezaji wawili waliapa kuacha mashindano iwapo ingethibitika ni msafi. Kampuni yenye gemu hilo ilichunguza, ikamkuta hana hatia. Hata hivyo ilibidi akae studioni, amefunika uso kwa barakoa, kamera ikimwangalia anavyocheza, ili watu waione mikono yake. Ikaonekana wazi: kasi ni ya vidole vyake. Wawili wale wakaondoka, na mwaka 2018 Geguri akawa mwanamke wa kwanza katika Overwatch League. Kijana wa kiume mwenye shabaha ile angeitwa kipaji. Yeye alidaiwa ushahidi.

Je, magemu ndiyo yanayowafundisha vijana dharau hii? Majibu ya utafiti hayajakubaliana. Nchini Ujerumani, Johannes Breuer na wenzake waliwafuatilia watu 824 kwa miaka mitatu, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba hawakuona kucheza gemu kukiongeza mitazamo ya kibaguzi. Nchini Ufaransa, Laurent Bègue na wenzake waliwahoji vijana 13,520, na mwaka 2017 wakaripoti uhusiano, ingawa mdogo, kati ya saa za kucheza na mitazamo hiyo. Utafiti wa Ufaransa ni mkubwa, lakini ulipiga picha ya wakati mmoja; hauwezi kusema kilichotangulia. Wa Ujerumani uliwafuata watu walewale, ila hasa ulipima muda wa kucheza na aina ya magemu, si kilichomo ndani ya kila gemu. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba gemu haliandiki kwenye karatasi tupu. Mtoto hulifikia akiwa ameshaandikwa mengi.

Maandishi hayo huanza mapema mno. Mwaka 1976 John na Sandra Condry waliwaonyesha watu wazima filamu ya mtoto wa miezi tisa akishtuliwa na kisanduku kinachofyatua kikaragosi. Mtoto analia. Walioambiwa ni wa kiume wakaona hasira. Walioambiwa ni wa kike wakaona woga. Kilio kilikuwa kilekile. Mtoto anayesomwa kuwa ana hasira huachwa apambane na kisanduku. Anayesomwa kuwa anaogopa huinuliwa na kubembelezwa, na kisanduku huondolewa.

Mwaka 2017 Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Marekani wa miaka 5 hadi 7. Watoto walisimuliwa habari za mtu "mwenye akili sana sana", kisha wakaulizwa kati ya picha kadhaa ni yupi. Wenye miaka 5, wavulana kwa wasichana, walichagua wa jinsia yao. Kufikia miaka 6, wasichana walikuwa wameanza kusita. Wakaonyeshwa pia michezo miwili, mmoja ukisemwa ni wa watoto wenye akili sana, mwingine wa watoto wenye bidii sana. Wasichana wa miaka 6 na 7 hawakuvutiwa na ule wa wenye akili kama wavulana walivyovutiwa. Wakati huohuo walijua kwamba darasani wasichana ndio wanaopata alama nzuri. Basi hawakujitoa kwa kushindwa. Walijitoa kabla hawajacheza.

Afrika Mashariki ina njia yake ya kuwatoa. Jioni mtaani, banda la gemu lenye televisheni mbili tatu na kundi la vijana waliokamata padi au wanaosubiri zamu ni mahali pa wavulana, kama vile chandimu ilivyo yao na rede ilivyo ya wasichana. Msichana hahitaji kukatazwa kwa maneno: saa hizo anaosha vyombo, anamlea mdogo wake, na akionekana mlangoni pa banda ataitwa mzururaji. Shilingi za kulipia zamu hupewa kaka. Baada ya miaka kumi kaka ana vidole vyepesi na dada "hapendi gemu", na watu husema ndivyo walivyoumbwa. Hivyo, Mkenya Sylvia Gathoni, anayecheza Tekken kwa jina la Queen Arrow, aliposajiliwa na timu ya kimataifa ya XiT Gaming mwaka 2018, habari kubwa ilikuwa jinsia yake, kwa sababu njia aliyopita ni nyembamba.

Kutoka hapo mambo hufika kazini. Riot Games ya Los Angeles, watengenezaji wa League of Legends, ilifahamika kwa kupendelea kuajiri watu waliokuwa wachezaji wakubwa. Sharti hilo halitaji jinsia, lakini huchuja kwa jinsia, maana huwarudia waliokabidhiwa padi wakiwa wadogo. Desemba 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya ubaguzi dhidi ya wafanyakazi wake wanawake. Mwaka huohuo jimbo la California liliishtaki Activision Blizzard kwa madai yanayofanana.

Kichujio cha namna hiyo kinaweza kuondolewa, na kimewahi kuondolewa. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi wa sayansi ya kompyuta katika miaka ya 1990. Walisikia hadithi ileile mara nyingi: kompyuta ya nyumbani iliwekwa chumbani kwa mtoto wa kiume, baba akakaa naye, na dada akachungulia kutoka mlangoni. Chuo kikaacha kuupa uzito mkubwa uzoefu wa awali wa kuandika programu katika udahili, na kikafungua njia tofauti za kuanzia masomo kwa wasiokuwa nao. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 7 ya walioingia. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 42.